Kosa la Jina

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mchuuzi wa samaki hawezi kuipinga methali hii, maana samaki hulala pamoja kikapuni na uozo huambukiza. Lakini je, watu wenye jina moja nao wamo katika kikapu kimoja? Mfano wa nchi ya Japani utatusaidia kupima swali hili.

Huko kuna jina Fukushima, ambalo maana yake ni kisiwa cha heri. Ni jina la mkoa wa tatu kwa ukubwa nchini humo, la mji mkuu wa mkoa huo, la mji mdogo katika kisiwa cha Hokkaido, na la wilaya moja ya jiji la Osaka. Tena ni jina la ukoo, ambalo kwa desturi ya Wajapani hutangulia. Fukushima Masanori alikuwa jemadari wa vita katika karne ya 16. Fukushima Yasumasa, afisa wa jeshi, alisafiri kwa farasi kutoka Berlin hadi Vladivostok katika miaka ya 1892 na 1893. Jina lao ni moja. Matendo yao ni mbalimbali.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi liliitikisa bahari, na mawimbi makubwa yakakipiga kituo cha umeme wa nyuklia kilichojengwa pwani ya mkoa wa Fukushima. Mionzi yenye madhara ikavuja. Watu zaidi ya 150,000 wakahama makwao. Jina la heri likawa jina la msiba. Baadhi ya watoto waliohamia mikoa mingine walidhihakiwa shuleni, wakaepukwa kama wenye maradhi ya kuambukiza.

Sasa tazama ajabu. Umeme wa kituo kile haukuwaka katika nyumba za watoto hao. Ulipelekwa Tokyo na mikoa jirani yake. Waliopata nuru hawakutajwa. Waliopata hasara ndio waliotukanwa. Kumbe jina laweza kumshtaki asiye na hatia, na papo hapo likamficha aliyefaidi.

Huenda mtu akasema kwamba jina ni onyo, na mwenye busara hulitii onyo. Ni kweli, mahali penye hatari pastahili kuogopwa. Lakini hofu ya ardhi isigeuzwe kuwa chuki ya mtu.

Nasi tuwe wakweli kwa upande wa pili. Tukikataa kubeba aibu ya wenzetu wa jina, basi tusijivike sifa zao. Mwana wa mwizi hana hatia ya wizi, wala mjukuu wa shujaa hana ushujaa mpaka auoneshe. Jina tulipewa bila ya kuulizwa. Matendo twayachagua wenyewe. Basi tukutanapo na mgeni, tumwulize jina lake ili tumwite, siyo ili tumhukumu.