Jirani Atasema Lini?

Twauliza: uovu mkubwa huanza lini? Wengi hudhani huanza siku ile damu imwagikapo. Lakini tukizitazama nyumba za Wayahudi wa Ujerumani chini ya utawala wa Wanazi, twaona sivyo.

Mwaka 1933 askari wa chama walisimama milangoni pa maduka yao, wakiwazuia wanunuzi. Mwaka 1938 watoto wao walifukuzwa katika shule za serikali. Mwaka 1939 walinyang'anywa redio. Mwaka 1940, katika Berlin, waliruhusiwa kununua chakula kwa saa moja tu kila siku. Mwaka 1941 kila aliyetimiza miaka sita alilazimishwa kushona nyota ya manjano nguoni, kifuani pake. Mwaka 1942 walikatazwa hata kufuga paka.

Kila amri ilipotoka, jirani aliweza kujiambia, "Ni redio tu, ni paka tu." Kumbe mwaka huo wa paka, magari ya moshi yalikuwa yakiwachukua Wayahudi kwenda kuuawa. Naye aliyezoea kunyamaza kwa jambo dogo, angepata wapi sauti kwa jambo kubwa?

Twajua kusema kulikuwa na hatari. Hata hivyo wako waliowaficha Wayahudi nyumbani mwao. Lakini hatari ile ilikua mwaka kwa mwaka, ikilishwa na kimya cha wengi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, jirani akinyang'anywa kitu, tusipime udogo wa kitu chenyewe. Tuitazame haki iliyoondoka pamoja nacho.