Mpaka wa Jirani ni Amana



Wenyeji wa Iringa husimulia kwamba jina la mji wao limetokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Pale Kalenga, karibu na mji wa sasa, Mtwa Mkwawa aliizungushia boma yake ukuta mkubwa, na mwaka 1894 majeshi ya Wajerumani yakaishambulia kwa mizinga na kuiteka. Tangu kale, basi, binadamu hujenga ukuta apate kusema: hapa ni pangu, na pale ni pako. Lakini ukuta waweza kuilinda haki, na waweza vile vile kuificha dhuluma. Ukiutazama kwa nje hutaona tofauti. Anayeijua tofauti ni yule aliyeujenga, na Mungu wake.

Jambo hili nalieleza kwa sababu ya swali nililoulizwa mjini Mbeya. Naamini kwamba wengi wanaosoma kurasa hizi, ama wameingia katika Islam karibuni ama wangali wakichunguza, wanalo swali kama hilo mioyoni mwao.

SWALI LENYEWE

Mtu mmoja aliyekuwa akisoma maandiko yetu kwa muda mrefu, na aliyekuwa karibu kufanya baiat, alinijia jioni moja akiwa na wasiwasi. Mtaa wao ni mmojawapo wa mitaa iliyojengwa mlimani kabla ya kupimwa, na sasa wapima ardhi walikuwa wamefika kwa kazi ya urasimishaji. Katika kazi hiyo mpima hapewi pori tupu akachora viwanja apendavyo. Nyumba zimekwisha simama, watoto wamekwisha zaliwa humo. Kwa hiyo yeye hufuata yaliyopo: ukuta, ua, kona ya jiko, njia ya miguu, na majirani husimama pamoja naye waonyeshe na kushuhudia. Kisha mchoro huidhinishwa, mawe ya mpaka hufukiwa, na hati hutolewa.

Yule bwana alikuwa amejenga jiko la uani miaka mingi nyuma, na ukuta wa jiko lile uliingia hatua mbili ndani ya eneo la jirani yake, mama mjane. Alipojenga, mama huyo alikuwa Tukuyu akimwuguza mzazi wake. Aliporudi hakusema neno.

Akaniuliza: “Sheikh, mimi sikung’oa jiwe la mtu, maana jiwe halikuwapo. Mama hakunishtaki. Mpima ameufuata ukuta wangu, na serikali itapiga mhuri. Je, si imekwisha kuwa halali yangu?”

MHURI HAUIGEUZI HARAMU KUWA HALALI

Nilimjibu kwamba swali lake lilikwisha jibiwa Madina zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Bibi Ummu Salama (r.a.) amesimulia kuwa Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) aliwaonya watu waliomletea mashtaka. Aliwaeleza kuwa yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa maneno kuliko mwenziwe, naye akahukumu kwa kadiri alivyosikia. Basi yule atakayepewa kwa hukumu hiyo kitu kilicho haki ya ndugu yake asikichukue, kwani anakatiwa kipande cha moto.

Tafakari, ndugu msomaji! Ikiwa hukumu iliyotolewa na Mtume wa Mungu mwenyewe haiwezi kumhalalishia mtu haki ya mwenziwe, itawezaje kuihalalisha kalamu ya mpima, au sahihi ya kamati, au mhuri wa ofisi? Hao wote huandika waliyoonyeshwa. Wakionyeshwa ukuta, wataandika ukuta.

Tena iko hoja nyingine watu wanayoitumia, nayo ni muda. Sheria ya Ukomo ya Tanzania ya mwaka 1971 humpa mtu miaka 12 kuidai ardhi yake mahakamani. Sheria hiyo ina faida yake, kwani bila ya ukomo kesi za mababu zisingekwisha. Lakini sheria hiyo huifunga mahakama tu. Haikusema kwamba mwenye kunyang’anya amekuwa mwema mwaka wa 13. Mbele ya Mwenyezi Mungu shauri la mdhulumiwa halina ukomo.

MIPAKA YA MUNGU NA MIPAKA YA MAJIRANI

Katika Kurani Tukufu, sura ya 2, aya ya 188, Mwenyezi Mungu akiisha kutaja amri za saumu anasema kuwa hiyo ndiyo mipaka Yake, basi watu wasiikaribie. Na aya inayofuata mara moja, ya 189, inakataza watu kuliana mali zao kwa batili, na kuzipeleka mbele ya mahakimu ili wapate kula sehemu ya mali ya wengine kwa dhambi, na hali wanajua. Mpangilio huo una hekima kubwa. Mtu aweza kufunga Ramadhani yote, asionje tone la maji mchana, kisha akafuturu kwa mboga iliyoota katika hatua mbili za ardhi ya jirani yake. Huyo ameuchunga mpaka wa alfajiri na magharibi, lakini ameuvuka mpaka wa shamba. Mwenye kuiweka mipaka yote miwili ni Mmoja.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye kuchukua kwa dhuluma hata shibiri moja ya ardhi, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba. Masimulizi hayo tumeyapata kwa Seyidna Said bin Zaid (r.a.), naye aliyasimulia siku aliposhtakiwa. Mwanamke mmoja alidai mbele ya gavana wa Madina kuwa Said amechukua sehemu ya ardhi yake. Said akauliza angewezaje kufanya hivyo baada ya kuyasikia maneno yale kwa masikio yake. Kisha akamwachia yule mwanamke eneo alilolidai. Aliona ni afadhali kupoteza kilicho chake kuliko kukaa na shaka ya kushika kisicho chake. Na katika Hadithi nyingine, iliyosimuliwa na Hazrat Ali (r.a.), imeelezwa kuwa laana ya Mungu iko juu ya mtu anayebadili alama za ardhi.

Nanyi ndugu zetu Wakristo, mlio wengi katika Nyanda za Juu za Kusini, mnalo fundisho hili katika Biblia yenu. Kumbukumbu la Torati 19:14 inakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, na 27:17 inamlaani mwenye kufanya hivyo. Na katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 21, mmesoma jinsi Mfalme Ahabu alivyolitamani shamba la mizabibu la Nabothi, na jinsi shamba lile lilivyotwaliwa kwa mashahidi wa uongo na barua zenye mhuri wa mfalme. Mhuri ulikuwapo, mashahidi walikuwapo, na bado Nabii Eliya alitumwa kumwambia Ahabu kuwa ameua na kutwaa.

UKUTA WA MAYATIMA

Je, Islam inachukia ukuta? La, hasha. Katika sura ya 18 imeelezwa safari ya Nabii Musa (a.s.), ambayo sisi Waahmadiyya tunaifahamu kuwa ilikuwa kashfu, yaani njozi ya kiroho. Musa na mja mwema aliyefuatana naye walifika katika mji, wakaomba chakula, wakanyimwa. Wakaona humo ukuta unaotaka kuanguka. Yule mja mwema akausimamisha, bila ya ujira. Baadaye akaeleza sababu yake: ukuta ule ulikuwa mali ya mayatima wawili, na chini yake ilikuwamo hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Hiyo ndiyo kazi ya ukuta anaoupenda Mungu. Unasimama kwa ajili ya yule asiyeweza kujisimamia: yatima, mjane, aliye safarini, aliye mgonjwa. Alama ya mpaka imewekwa ili haki ya mtu ibaki salama hata asipokuwapo. Ni amana. Ukijenga ukuta wako wakati jirani hayupo, umekwisha geuza kazi yake. Badala ya kumlinda aliye mbali, unamwibia.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) mwenyewe alitupa mfano. Alipohamia Madina, mahali palipochaguliwa kujengwa msikiti palikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wao walitaka kuutoa bure. Mtume hakukubali zawadi hiyo mpaka akaununua. Ikiwa msikiti wa Mtume haukujengwa juu ya ardhi ya yatima bila ya kulipiwa, jiko letu ni kitu gani?

KUPIMA NA KUANDIKA NI JAMBO JEMA

Mtu asifahamu kutokana na maneno haya kuwa kupima ardhi ni kazi ya kidunia isiyo na thawabu. Kurani Tukufu, sura ya 2, aya ya 283, inaamrisha mikopo iandikwe na mashahidi wawepo, ili shaka isiingie. Mtume (s.a.w.) alitoa hukumu kwamba mipaka ikiisha wekwa na njia zikiisha tengwa, haki ya mshirika kudai auziwe kwanza haipo tena, maana yake kugawa ardhi waziwazi ni jambo linalotambuliwa na sheria ya Mungu. Watu wakihitilafiana juu ya njia, alifundisha iachwe dhiraa saba. Na alikataza jirani kumzuia jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake. Angalia uzuri wa mafundisho haya: ukuta ni mpaka, lakini si uadui.

Katika nchi yetu milango mingi imefunguliwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika mwaka 2001. Wilaya ya Mbozi, iliyokuwa katika Mkoa wa Mbeya na tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, ilitangulia kwa majaribio ya hati za hakimiliki ya kimila. Katika Wilaya ya Iringa, kuanzia mwaka 2014 katika vijiji kama Ilalasimba, vijana wa kijiji waliofundishwa walitembea mipakani wakiwa na simu zinazopokea ishara za satelaiti, huku wenye mashamba na majirani wao wakionyesha wapi minyaa, wapi mti, wapi mfereji. Mijini, sheria ya mwaka 2008 imewezesha hata jengo moja kugawanywa kwa wamiliki mbalimbali. Na katika jengo la namna hiyo huwezi kufukia jiwe la mpaka, bali sakafu, ukuta na dari ndivyo mpaka wenyewe.

Lakini satelaiti huonyesha mahali uliposimama tu. Haiulizi kama una haki ya kusimama hapo. Chombo cha kupima haki hiyo Mwenyezi Mungu amekiweka kifuani mwako.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza: kabla ya mpima kufika, tembea mpaka wako pamoja na jirani yako, na kama hayupo, pamoja na mtu anayemwamini. Sura ya 4, aya ya 136, inatuamrisha kuwa mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu.

Pili: usinyamaze wakati kunyamaza kunakufaidia. Aliyeona mchoro umekosewa kwa faida yake akakaa kimya, amekwisha toa ushahidi wa uongo bila ya kufungua kinywa.

Tatu: usiuchukulie ukimya wa jirani kuwa ni ridhaa. Mara nyingi ukimya ni wa mnyonge aliyechoka.

Nne: kama umekwisha kosea, rudisha, au nunua kwa ridhaa, au omba usamehewe, na yote hayo yaandikwe mbele ya mashahidi. Toba isiyorudisha haki ya watu ni maneno matupu.

JINSI SHAURI LILIVYOKWISHA

Yule bwana alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo hili litamtia aibu, na nyumbani litaleta maneno. Sikumpinga, kwani ni kweli. Asubuhi yake aliiomba kamati isimamishe kwanza kipande hicho cha mchoro. Kisha akaenda kwa jirani yake pamoja na wazee wawili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, ukuta wa jiko langu umo katika ardhi yako. Nimekuja kukiri.”

Mama yule akamtazama, akajibu: “Nilijua tangu siku niliyorudi Tukuyu. Nilikuwa nangoja uniambie wewe mwenyewe.”

Hakutaka jiko livunjwe. Walipatana bei, ikaandikwa, wazee wakatia sahihi, naye akailipa kidogo kidogo kila alipouza viazi vyake mpaka ikaisha. Kisha mpima akauchora mpaka pale pale kwenye ukuta, alipokuwa ameuchora mara ya kwanza. Katika ramani hakikubadilika kitu. Mstari ni ule ule. Lakini ule wa kwanza ulikuwa kipande cha moto, na huu wa pili ni mali ya halali. Siku alipomaliza kulipa ndipo alipojaza fomu ya baiat.

Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alipoanza kupokea baiat mjini Ludhiana mwaka 1889, aliweka miongoni mwa masharti yake kwamba mwenye kuingia atajiepusha na dhuluma na hiana, na hatawaudhi viumbe wa Mungu kwa ulimi wala kwa mkono. Wewe unayechunguza, usidhani kuwa unaitwa ubadilishe jina tu. Unaitwa utoke leo uani kwako, uutazame ukuta wako, na ujiulize umesimama juu ya ardhi ya nani.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona haki za wengine kabla hawajazidai, na atuwezeshe kuzirudisha tungali hai. Amin.