Gharama za Siku ya Kazi ya Hiari



Katika usharika wetu hapa Mbebe liliondoka shauri juu ya siku ya kazi ya hiari. Siku hiyo washarika hukusanyika bila ujira, hutengeneza nyumba za wajane na kuwalimia wagonjwa. Na jioni hula pamoja. Kazi haina mshahara, lakini unga, maharage na chumvi vina bei. Basi gharama hizo zitoke wapi?

Wengine walisema, kila ajaye na atoe fedha, kiasi kimoja kwa wote. Wengine walisema, tutwae katika sanduku la maskini, tutalijaza baadaye. Tena wengine walisema, tumwendee tajiri mmoja wa Tunduma, alipe yote.

Tuyapime mashauri haya. Kiasi kimoja kwa wote chaonekana kuwa haki. Lakini tulipokijaribu, mama mmoja aliyelima pamoja nasi tangu alfajiri alitwaa jembe lake akaenda zake kabla ya chakula, kwa kuwa hakuwa na fedha. Nasi tuliosalia tulikula kwa aibu. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorinto, sura ya 8, Paulo afundisha ya kuwa Mungu hupima utoaji wa mtu kwa kile alicho nacho, wala si kwa kile alichokosa.

Sanduku la maskini nalo lina wenyewe. Mwaka 1523, katika mji wa Leisnig, nchi ya Ujerumani, washarika walitunga kanuni za sanduku la pamoja, naye Martin Luther akaziandikia dibaji. Sanduku lile liliwekewa kufuli nne. Ufunguo mmoja ulikuwa wa wakuu, wa pili wa baraza la mji, wa tatu wa watu wa mji, na wa nne wa wakulima wa vijijini, asiweze mtu kulifungua peke yake. Je, sisi tulifungue kwa ajili ya karamu yetu?

Tajiri akilipa yote, upesi tutamwekea kiti cha mbele. Na Yakobo ametuonya juu ya jambo hilo. Zawadi yake tuipokee kwa shukrani, lakini iwe fungu moja katika mafungu mengi.

Basi yatupasa kutangaza gharama Jumapili iliyo mbele ya kazi. Kila mtu na alete alicho nacho: fedha, unga, kuni, au mikono yake tu. Wazee wawili wapokee, kisha wasome hesabu mbele ya wote. Kwa maana Paulo naye hakukubali kuichukua sadaka peke yake, asije akalaumiwa. Vikipatikana viazi tu, tutakula viazi.

Yule mama tumemwendea, tukamwomba radhi. Ajapo tena, na aketi pamoja nasi, wala asiulizwe kitu. Sisi sote twakaribishwa mezani pa Bwana bila kulipa. Mezani petu tumzuie nani?

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amina.