Afadhali Kuliko Nini?

Kuna sentensi moja inayotetea karibu kila kliniki mbovu Garissa, na si rahisi kuishinda: "Afadhali hii kuliko hakuna." Utaisikia ukilalamika kwamba kliniki ya hapo bulla haina maji, au kwamba hakuna anayejua "dakta" mwenyewe alisomea wapi. Jamaa anakuangalia tu, kisha anakuuliza: sasa mtoto akishikwa na homa saa nne usiku, tumpeleke wapi?

Swali lake si la kipuuzi. Uchambuzi wa sensa ya 2009 ulikadiria kwamba Mandera, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 3,795 walifariki. Hata ukisema makadirio kama hayo yana kasoro zake, punguza nusu na bado utashtuka. Halafu ikaja Novemba 2014, basi likashambuliwa Mandera na watu 28 wakauawa. Desemba, wachimba mawe 36. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Wafanyakazi wengi wa afya waliotoka kaunti nyingine walifunga virago, na hakuna aliye na haki ya kuwalaumu. Ongeza migomo ya madaktari, ule wa siku 100 wa 2016 na 2017 na ule wa siku 56 wa 2024, ndipo utaelewa kwa nini mtu aliyekodisha vyumba viwili, akaweka kitanda na meza, akaandika "Medical Clinic" ukutani, alionekana mkombozi. Wengine walikuwa wakombozi kweli, wala sisemi kwa kejeli.

Lakini afadhali kuliko nini? Ili nilinganishe "hii" na "hakuna," lazima nijue hii ni nini. Na kliniki ni biashara ya ajabu, manake mnunuzi haoni anachonunua. Anaona vigae, feni, koti jeupe. Ukinunua embe bovu sokoni utalijua ukilikata. Ukinunua matibabu mabovu unaweza kupona kwa bahati na kumsifu dakta maisha yako yote.

Chukua oksitosini. Ni dawa ambayo mama hudungwa baada ya kujifungua ili tumbo la uzazi likaze na damu isitoke kupita kiasi. Inatakiwa ikae kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa weka chupa hiyo Garissa, ambako nyuzi 35 ni siku ya kawaida tu, na stima inapotea itakavyo. (Na nje ya mji tuna mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50, lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa kama umeme mwingine wowote.) Friji ikizima siku nzima, kisha siku nyingine, dawa inapoteza nguvu kidogo kidogo. Haibadiliki rangi, wala hainuki. Inabaki angavu kama maji. Muuguzi anaidunga kwa nia safi kabisa, wote wanakaa kusubiri damu ikate, na damu haikati.

Hapo ndipo ile sentensi inapovunjika. Huyo mama hakuwa na chaguo la "hii" au "hakuna." Alikuwa na chaguo la tatu, tuktuk hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, saa moja mapema. Kliniki ilichukua ile saa. Mara nyingi hicho ndicho kituo kibovu kinachokutoza, muda wako, na hakiuandiki kwenye risiti.

Utaniambia friji yenye betri ni ghali, jenereta ni ghali, mtaalamu wa maabara anataka mshahara. Kweli. Basi tuangalie kitu kisicho ghali. Watafiti waliwahi kukaa ndani ya vituo zaidi ya 900 vya Kakamega, Kilifi na Meru, vya serikali na vya kibinafsi, wakatazama tu wahudumu wakifanya kazi. Matokeo yalichapishwa 2017. Usalama wa sindano na kutoa damu ulizingatiwa karibu mara 87 kati ya 100. Kunawa mikono pale inapotakiwa: mara 2 kati ya 100. Mbili!

Si Garissa, najua. Lakini fikiria hizo namba mbili zikiwa za watu walewale, chumba kilekile. Sindano mpya inafunguliwa mbele yako. Tangu enzi za hofu ya Ukimwi hata nyanya asiyejua kusoma anajua kuangalia kama pakiti imefungwa. Mikono ya dakta hakuna anayeiuliza. Na sabuni si ghali hivyo. Kwa hiyo umaskini hautoshi kueleza hili. Mimi naona tunafanya vizuri pale tunapoangaliwa.

Ndiyo maana siwezi kuweka viwango vyote kwenye kapu moja. Kuna vinavyohitaji pesa, na kliniki ndogo ikishindwa navyo nitaivumilia. Kuna visivyohitaji chochote ila uaminifu: kunawa, kuandika ulichompa mgonjwa, kutupa dawa iliyopata joto hata kama uliinunua jana, na kusema "hii siwezi, mpeleke mbele." Hicho cha mwisho ndicho kigumu zaidi, kwa sababu mgonjwa akitoka mlangoni anatoka na pesa. Lakini kliniki isiyoweza kukisema haina utetezi wa umaskini.

Serikali nayo ina hesabu yake. Mwaka 2025, Aden Duale, mtu wa hapa hapa Garissa Mjini, akiwa Waziri wa Afya, tulisikia vituo zaidi ya 700 vimefungwa nchini na karibu 300 vimeshushwa daraja. Wengi tulishangilia, na vingine vilistahili. Ila kufuli pekee ni kuwaambia watu "afadhali hakuna kuliko hii," nayo pia ni hesabu unayompigia mtu mwingine bila kumuuliza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Hakikusema kiwango kikikosekana apewe mlango uliofungwa.

Kwenye fiqhi suala hili ni la zamani kuliko KMPDC. Anayetibu watu bila kujulikana kwa elimu hiyo, akileta madhara, yeye ndiye mdhamini. Neno letu dhamana limetoka huko huko. Nia njema haimwondolei deni. Napenda ukali wa hukumu hiyo kwa sababu inamwacha mgonjwa nje ya lawama. Haimuulizi kwa nini ulienda pale.

Shida ni kwamba Garissa mdhamini ana jina na ukoo. Mwenye kliniki ni abti wa fulani, alimtibu ayeeyo bure mwaka ule wa ukame, na Ijumaa mnaswali safu moja. Unaanzaje kumuuliza abti leseni yake ya mwaka huu? Ni kama kumtukana. Kwa hiyo tunanyamaza kwa adabu, na vijana wenye simu ambazo zingefungua sajili ya madaktari kwa dakika moja, tunazitumia kumtumia pesa ya drip kwa M-Pesa.

Dada yangu mdogo, mjamzito, juzi aliuliza kwenye kliniki moja swali dogo tu: stima ikipotea, friji yenu inakaa saa ngapi? Muuguzi alicheka kwanza. Halafu akamwambia ukweli: hatujawahi kupima. Dada akamshukuru, akampa mkono, na akaenda kujiandikisha kujifungulia kwingine.