Kikokotoo na Deni la Jasho

Serikali inapobadili mafao ya mtumishi aliyekwisha kufanya kazi miaka 30, inapunguza hisani au inapunguza deni? Swali hilo limejificha chini ya ubishi wote wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, nchini Tanzania, na jibu langu ni deni. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wa mtumishi wa umma huenda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na mwajiri huchangia 15. Hizo 15 si zawadi, ni ujira uliowekwa akiba, na mtu aliikubali kazi akijua hivyo. Uislamu na Ukristo huhesabu kuzuia ujira wa mfanyakazi kuwa dhuluma, na sioni kwa nini ujira unaosubiri uzee upungukiwe hadhi.

Tuhesabu. Mtumishi wa miaka 30 mwenye wastani wa mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mfuko uliotangulia PSSSF (1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa kazi, nusu ya pensheni hiyo ya mwaka ikitolewa kwa mkupuo, mara 15.5), angeondoka na milioni 62 na pensheni ya takriban 333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya Julai 2022 (1/580, asilimia 33, mara 12.5), mkupuo ni kama milioni 30.7 na pensheni 416,000. Watetezi husema pensheni imepanda, na kweli imepanda. Ila ili hizo 83,000 za ziada zifidie milioni 31 zilizokatwa, mstaafu wa miaka 60 itabidi avuke 91, na hapo mfumuko wa bei sijaugusa. Mwaka 2024 mkupuo uliongezwa hadi asilimia 40. Maumivu yakapungua, swali likabaki.

Wapo wanaosema wastaafu hutapanya mkupuo. Wengine hutapanya, lakini mdaiwa hana mamlaka ya kumpangia anayemdai matumizi. Hoja nzito ni nyingine: mfuko ukifilisika, vijana ndio watakaolipa. Naikubali nusu. Sehemu kubwa ya pengo la mfuko ilitokana na miaka ya kabla ya Julai 1999, ambayo watumishi hawakuichangia. PSPF ikabebeshwa mafao ya miaka hiyo, na serikali ikachelewa kurejesha hadi ikaja kutoa hatifungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Aliyechelewa kulipa hawezi kumpa mstaafu ankara ya ucheleweshaji wake. Kanuni ibadilishwe kwa miaka ijayo, na iliyokwisha kutumikiwa ihesabiwe kwa kanuni yake. Kenya, ilipoanzisha mfuko wa kuchangia Januari 2021, iliwahamisha watumishi vijana na kuwaachia waliofikisha miaka 45 uchaguzi wa kubaki katika mpango wa zamani. Hazina yake itabeba pensheni hizo kwa miongo, na ni sawa ibebe, kwa kuwa ndiyo iliyoahidi.