Rutuba Iliyokosa Mahali Pake

Ziwa linaishia wapi? Jibu la haraka ni ufukweni. Lakini maziwa ya misitu ya kaskazini mwa Kanada yanalitilia shaka jibu hilo. Kabla ya kuwa ya ziwa, maji yake huwa ya dakio, yaani nchi kavu yote inayotiririkia humo. Miti ya dakio ikikatwa, mizizi haifyonzi tena. Mvua na theluji inayoyeyuka hubeba fosforasi pamoja na masalia ya mimea iliyooza, hadi maji maangavu yafanane na chai ya rangi.

Je, tuseme ziwa limetiwa sumu? Hapo fikra inakwama, kwa sababu fosforasi ni rutuba, na rutuba ni uwezo wa kitu kulisha uhai. Mwaka 1973, huko Ontario, David Schindler na wenzake walikata Ziwa 226 katikati kwa pazia. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na nitrojeni. Ule ulioongezewa fosforasi ukawa kijani kwa mwani. Kinachojenga mti msituni kinalisonga ziwa. Basi huenda uharibifu, mara nyingi, ni wema uliokosa mahali pake.

Atatokea wa kuuliza: kwani moto hauunguzi misitu hiyo tangu kale? Huiunguza, na fosforasi huongezeka vilevile. Lakini katika maziwa ya Quebec yaliyochunguzwa na Richard Carignan na wenzake, moto ulileta nitrati nyingi, ilhali ukataji ulileta weusi wa maji unaozuia mwanga. Hata kama athari zingelingana, je, jambo kutokea lenyewe ni ruhusa ya kulitenda? Moto haujui ziwa liko wapi. Sisi tunajua, na kujua ndiko kunakozaa wajibu.

Tukifika kwenye wajibu, swali la haki halikwepeki. Dakio kubwa linalomwagia ziwa dogo hulilemea kuliko dakio dogo linalomwagia ziwa kubwa. Kwa hiyo sheria inayoruhusu kukata kiasi kilekile kila mahali ina usawa, lakini haina haki. Maana usawa hutazama kipimo, na haki humtazama anayebebeshwa.

Anayetoa kibali cha kukata na aanze kwa kuuliza maji ya msitu ule yanakwenda wapi. Hesabu ya magogo ifuate baadaye.