Taa Iliyozimika Yenyewe

Jirani yangu hapa Kapseret, mwalimu aliyestaafu, ana pikapu ya mwaka 1994 iliyolea familia nzima. Imebeba maziwa, mbolea, maharusi, hata jeneza la babake. Gari la namna hiyo mtu hulizoea kama mzee wa nyumbani: likikohoa, unasema ni umri. Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kwa sababu nami nilikuwemo.

Taa nyekundu ya breki ilianza kuwaka msimu wa mvua, akiiacha barabara ya Kisumu na kukata kona kuingia kwake. Iliwaka sekunde mbili tatu, ikazima. Siku nne kimya, kisha ikarudi kwenye kona ile ile. Akaniuliza. Nami, kwa ujuzi wangu wa kuokota vijiweni, nikamjibu: "Mwalimu, hiyo ni waya tu. Gari kuukuu halikosi waya uliolegea."

Lau tungetulia, ile kona ilikuwa imeshatueleza. Ndani ya kichupa cha mafuta ya breki mna boya dogo. Mafuta yakipungua, boya hushuka na taa huwaka. Yakiwa yamefika mpakani tu, gari likienda sawa hutaona kitu. Ukikata kona, ukishuka mteremko au ukifunga breki ghafla, mafuta hukimbilia upande mmoja, boya linashuka, taa inawaka. Ukinyooka, inazima. Mwalimu alishukuru kila ilipozima. Kumbe haikuwa imepona. Mafuta yalikuwa yamerudi mahali pake kwa muda tu.

Dalili ya pili aliileta kijana wa kuosha magari. "Mwalimu, hii tairi imelowa kwa ndani na bado sijaipiga maji." Ilikuwa ya nyuma, kushoto. Mwalimu alicheka, akamlipa, akaondoka. Ya tatu aliiona mwenyewe: kanyagio la breki lilianza kuzama kidogo kabla ya kushika. Aliongeza mafuta kichupani, taa ikanyamaza majuma mawili, halafu ikaanza tena. Hapo ndipo pa kujiuliza: mafuta haya yanaenda wapi? Kichupa cha breki si tangi la petroli. Mafuta yakipungua, ama pedi zimelika au pana mahali yanavuja.

Hatukujiuliza. Fundi mmoja wa kando ya barabara alichomoa waya wa kile kiboya, akaufunga kwa utepe mweusi. Taa haikuwaka tena. Niungame: siku hiyo nilimpongeza.

Desemba tukaondoka kwenda bonde la Kerio kununua maembe. Anayeijua njia ile anajua kwamba Iten iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo unateremka kupitia Tambach, kona baada ya kona, zaidi ya mita elfu moja hadi sakafu ya bonde. Mwalimu alishuka kwa gia ya nne, mguu kwenye breki muda wote. Kabla ya Tambach nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikadhani ni lori lililo mbele. Kona iliyofuata, kanyagio likaenda hadi chini.

Silinda ya gurudumu la nyuma ilikuwa imemaliza mafuta yake. Breki za mbele zilibaki peke yazo, zikapata moto kupita kiasi, na mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa miaka mingi huwa yamenyonya unyevu, hivyo huchemka mapema. Yakichemka, unakanyaga mvuke. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Haikushika, maana lainingi za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta yaliyovuja. Mwalimu akapiga gia ya tatu, injini ikalia, akalazimisha ya pili, kisha akauegemeza ubavu wa gari kwenye ukuta wa mwamba. Tukakwaruza mita nyingi ndipo tukasimama. Kioo cha pembeni kilikuwa mapajani mwangu.

Msomaji, taa hiyo ikikukonyeza, egesha penye tambarare, injini ikipoa fungua boneti, tazama kama mafuta ya breki yamo kati ya mistari miwili ya kichupa. Hakikisha breki ya mkono imeshuka kabisa, kwani nayo huwasha taa hiyo hiyo. Chungulia ndani ya magurudumu yote manne. Katika baadhi ya magari ya zamani, ikiwaka pamoja na taa ya betri, huenda tatizo ni alteneta. Waya mbovu hutokea pia, sikatai, lakini uwe wa mwisho kushukiwa. Usimimine oili ya injini mle kichupani; huvimbisha mipira na kuua mfumo mzima. Na kwenye mteremko mrefu, shuka na gia ndogo tangu juu.

Juzi, karibu na njia ya kuingia uwanja wa ndege, taa yangu mwenyewe iliwaka kwenye kona, ikazima. Mkono ulishaanza kuongeza sauti ya redio. Nikaegesha. Mafuta yalikuwa yamefika mstari wa chini. Nikampigia fundi, nikafunga milango, nikarudi nyumbani kwa bodaboda.